Usikopi majibu ya testi kabla hujasoma difu

Wiki hii nimekuwa napanga upya testi zetu za databesi, yaani majaribio yanayohakikisha programu ya kutunza data bado inatoa majibu sahihi, na kuna jambo moja nimelishikilia mpaka wenzangu kazini washanizoea, kwamba testi ikifeli, mtu asichukue majibu mapya akayakopi juu ya yale ya zamani kabla hajasoma kila mstari uliobadilika. Kila mstari. Ngoja nieleze limetoka wapi.

Sisi tunatumia PostgreSQL, programu ya databesi, na utaratibu wa testi tumeuchukua kwao wenyewe kwa sababu ni mwepesi mno kuuelewa. Ukishusha msimbo wao ukaingia src/test/regress utakuta folda ya sql na folda ya expected. Kwenye sql kuna mafaili ya amri za kawaida kabisa za SQL, lugha ya kuongea na databesi, create table, insert, select, na kwenye expected kuna faili la jina hilohilo lenye .out, ndani yake majibu yanavyotakiwa yatoke, herufi kwa herufi. Ukipiga make check inawasha seva ya muda, inapitisha zile amri kwenye psql, programu ndogo ya kuziendesha, majibu yanaenda folda ya results halafu yanalinganishwa, na tofauti yoyote, ndiyo difu yenyewe, inaandikwa kwenye regression.diffs. Basi. Ukijua SQL umeshajua kuandika testi, na hata mhasibu ukimkalisha mbele ya lile faili la majibu anaweza kukuambia hapa pamekosewa.

Sasa jiulize, lile faili la majibu nani kaliandika? Mara nyingi hakuna aliyeliandika kwa mkono. Unaandika amri, unaziendesha, unaangalia kilichotoka, ukiridhika unakikopi kwenda expected. Kwa hiyo uzito wote uko kwenye hayo macho yako ya dakika mbili tatu, ukiruka hapo faili linaanza kulinda kosa, na litalilinda kwa uaminifu uleule ambao lingelinda kitu sahihi.

Mimi niliruka. Tulikuwa na mfumo wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, wanachama wanalipa marejesho kwa simu, na kuna ripoti inajumlisha malipo kwa siku. Tukahamisha seva, ile mpya saa yake ikawa UTC, saa ya kimataifa, badala ya saa zetu, nikaendesha testi, ikafeli moja. Ilikuwa saa nne usiku. Difu yenyewe ilikuwa hivi, alama ya kutoa ni jibu la zamani na ya kujumlisha ni jipya:

- 2023-07-01 | 15000
+ 2023-06-30 | 15000

Nikaona tarehe tu, nikasema moyoni hiyo ni mambo ya seva mpya, nikakopi, testi ikapita kijani, nikaenda kulala. Mwisho wa mwezi mhasibu wao akanipigia, "Mdogo wangu, mbona mwezi haufungi? Risiti za simu zinasema hivi, ripoti yako inasema vile." Tulikaa naye siku mbili tunapitia karatasi. Kumbe kila malipo yaliyofanyika kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku yanahesabiwa siku ya nyuma, maana sisi tuko masaa matatu mbele ya UTC na ile safu ya muda nilikuwa naigeuza kuwa tarehe moja kwa moja, na PostgreSQL hapo inafuata saa zilizowekwa kwenye muunganisho wako na seva. Dawa yake ni kipande kimoja, AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam' kabla ya kugeuza. Testi ilikuwa imeniambia wiki kadhaa kabla, kwa mistari miwili, na mimi ndiye niliyeinyamazisha. Yule mama mhasibu alikuwa ameshaanza kuulizwa maswali na viongozi wake kuhusu hela ambazo hakuzigusa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ukiangalia PostgreSQL wenyewe, programu yao ya kuendesha testi inaweka saa ya eneo kabla haijaanza, kwa miaka mingi ilikuwa PST8PDT, saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ili majibu yatoke sawa hata kama mashine iko Tokyo. Sisi tumeongeza kitu kidogo, testi za ripoti tunaziendesha mara mbili, mara ya kwanza saa za Dar na mara ya pili UTC, na faili la majibu ni lilelile moja. Yakitofautiana ujue kuna mahali msimbo unategemea saa ya mashine.

Jambo la pili ni mpangilio wa mistari. Bila ORDER BY, amri ya kupanga mistari, hakuna aliyekuahidi mistari itoke kwa mfuatano wowote, leo itatoka ulivyoingiza, kesho jedwali limekua kidogo inatoka kivingine. Nilikuwa nadhani basi tuweke ORDER BY kila mahali, ila wale jamaa wenyewe hawafanyi hivyo, wanasema ukipanga kila kitu utakuwa unajaribu zile njia za kutafuta data zinazotoa majibu yaliyopangwa peke yake na nyingine hazitaguswa. Kwa hiyo tunaweka pale inapoyumba. Na hata ukiweka angalia lugha ya mashine, kwa COLLATE "C", kanuni moja ya kupanga herufi, neno Dodoma linatangulia arusha kwa sababu herufi kubwa zote ziko mbele ya ndogo, kwa en_US, kanuni ya Kiingereza cha Marekani, arusha inatangulia. Testi ilipita kwangu ikafeli kwa mwenzangu, tukapoteza mchana mzima.

Majina nayo. Watumiaji wa databesi wanaotengenezwa ndani ya testi waanze na regress_, hii ni sheria ya PostgreSQL na sababu yake ni nzuri sana, make installcheck inaendeshwa kwenye seva ambayo tayari ipo, na testi inayotengeneza mtumiaji kisha ikamfuta isije ikamfuta mtu wa kweli. Majedwali je, tufute mwisho? Kwao mengi wanayaacha makusudi, ili baadaye testi za pg_dump na pg_upgrade, programu za kunakili databesi na kuihamishia toleo jipya, zipate kitu cha kubeba, sisi tunafuta kwa kuwa hatuna kazi hiyo. Na testi zilizo mstari mmoja kwenye parallel_schedule, faili la ratiba ya testi, zinakimbia pamoja, zisishike jedwali moja. Wao hawazidishi 20 kwa kundi ili miunganisho isiwe mingi, sisi hata sita hatufiki.

Jana kijana wetu mpya kaleta mabadiliko, difu ya majibu ina mistari 11. Nimemwomba aandike pembeni ya kila mmoja kwa nini umebadilika. Mistari kumi kaieleza vizuri, ni safu mpya ya namba ya risiti. Wa 11 ni salio limepungua shilingi moja, hajui kwa nini, na mimi pia bado sijui. Hatujakopi. Asubuhi hii tumeufungua tuko naye hapa.