Mabano mawili yaliyonihangaisha Goma

Dada yangu hupakia mizigo kwenye boti za Goma kwenda Bukavu. Nilimwandikia programu ndogo kwa Prolog, lugha ya kompyuta inayotafuta majibu kwa kufuata kanuni: mzigo unaozidi kilo 20 ulipiwe faranga 500 kwa kila kilo, mwingine uende bure. M ni mzigo, U ni uzito wake kutoka kwenye orodha, B ni bei; mshale husomeka "basi", nukta-mkato "la sivyo":

bei(M, B) :- uzito(M, U), U > 20 -> B is U * 500 ; B = 0.

Nilipouliza bei za mizigo yote, ulikuja mmoja tu. Ajabu zaidi, gunia lisilokuwemo hata kwenye orodha lilipewa bei ya 0! Nilikagua orodha ile saa nzima, mpaka umeme ukakatika.

Kumbe shida ni kipaumbele cha alama. Mkato una 1000, mshale 1050, nukta-mkato 1100, na yenye namba ndogo hufunga kwanza. Basi uzito(M, U) ulimezwa ndani ya sharti, yaani sehemu iliyo kabla ya mshale, na mshale ukishapata jibu la kwanza la sharti, hautafuti jingine. Gunia lisilo kwenye orodha nalo lilishindwa sharti, likaangukia B = 0. Nikaongeza mabano mawili:

bei(M, B) :- uzito(M, U), ( U > 20 -> B is U * 500 ; B = 0 ).

Mizigo yote ikatoka. Usidhani "; B = 0" ni pambo: nilijaribu kuiondoa, mzigo wa kilo 15 ukatoweka kimyakimya, bila ujumbe wowote wa kosa.