Waliniambia ni uzee, kumbe nilikuwa silali

Nina miaka 54. Kwa mwaka mzima nilipewa ushauri wa aina mbili tu, na wote ulinipotezea muda. Wengine waliniambia, "Uzee huo, zoea." Wengine wakasema, "Choma sindano urudi ujanani." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nalalaje.

Mambo yalianza taratibu. Nikitoka kazini mwili umekwisha, hasira ziko puani, suruali inakaza kiunoni huku mikono na mapaja yakinywea. Hamu ya tendo la ndoa ikapungua. Lililonitisha zaidi ni asubuhi: ule msisimko ambao mwanamume huamka nao bila kuutafuta ulitoweka wiki, kisha miezi. Mke wangu hakusema neno. Nami nikawa nawahi kulala kabla yake ili nisiulizwe.

Rafiki yangu wa siku nyingi ndiye aliyeniletea unga. Kopo halina jina la mtengenezaji, lina picha ya simba, na limeandikwa kwamba ni mitishamba mitupu. Pesa niliyotoa ingenunua jozi mbili za viatu vya maana. Nikakoroga kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu. Haikufika saa moja uso ukawaka moto, pua zikaziba, kichwa kikaanza kugonga, na taa ya chumbani nikaiona imezungukwa na rangi ya buluu. Kile nilichokitafuta kilipatikana, kwa hiyo nikajiambia dawa ndiyo hii. Nikarudia mara ya pili. Mara ya tatu niliinuka usiku kwenda msalani, miguu ikakataa, nikajikuta nimepiga magoti nimeshikilia mlango, jasho linanitoka. Wakati huo nilikuwa namezeshwa vidonge vya presha kila siku, na wala sikuwa nimemwambia mtu ninachochanganya.

Kopo hilo nilikuja kulipeleka kwa daktari. Alipolisoma aliniuliza swali moja tu, kama niliona buluu. Nikamjibu ndiyo. Akaniambia yote niliyomsimulia yanafanana na sildenafil, dawa ya hospitali ambayo hukutwa imetiwa kimyakimya kwenye unga na vidonge vinavyouzwa kama vya asili. Huifungua mishipa ya damu, na ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti inaweza kuiangusha presha hadi mtu akafa. Na testosteroni, yaani homoni ya kiume, haiongezi hata chembe. Hilo liliniuma kuliko kichwa kile. Ndugu yangu, ukiwa unatumia dawa yoyote ya presha au ya moyo, kopo kama hilo usilifungue.

Lakini kabla sijamfikia daktari huyo nilipita mahali pengine, kliniki iliyojitangaza kuwa inarudisha nguvu za wanaume. Nilifika saa tisa alasiri, nimetoka kula, wakanitoa damu. Testosteroni 238. Kijana wa pale akasema niko chini sana, sindano ya homoni hiyo ipo, tuanze leo. Nikaomba siku mbili za kufikiri. Hadi leo nazishukuru siku hizo mbili.

Yule daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, alikitazama kile cheti akakiweka pembeni. "Baba, damu ulitolewa saa ngapi?" Ndipo nilipojua kwamba homoni hii hupanda alfajiri na kupungua kadiri siku inavyokwenda, na chakula nacho huishusha. Inapimwa asubuhi, kabla ya saa nne, tumbo tupu, tena mara mbili kwa siku tofauti kabla ya mtu kuambiwa ana upungufu. Nikapima upya. 312. Wiki iliyofuata 297. Wataalamu wengi huweka mpaka kwenye 300 hivi, nanogramu kwa desilita, kwa hiyo nilikuwa nimesimama juu ya mstari wenyewe.

Akachukua karatasi akanichorea. Juu ubongo, chini yake tezi ndogo, chini kabisa korodani. Ubongo huiamuru tezi, tezi hutuma homoni yake kupitia damu, korodani zinatengeneza testosteroni. "Ukiichoma kutoka nje, ubongo unaona mtungi umejaa, unafunga bomba." Korodani husinyaa, mbegu hupungua, zinaweza hata kutoonekana kabisa. Alipozaliwa mtoto wangu wa mwisho nilishamaliza habari ya kuzaa, lakini nikawafikiria vijana wa miaka 30 wanaochomwa pale kliniki bila kuambiwa neno hili, na roho ikaniuma. Hakusema sindano ni mbaya. Yupo mwanamume ambaye korodani zake zimeshindwa kweli, huyo anaihitaji, na anafuatiliwa: damu isizidi kuwa nzito, tezi dume ichunguzwe. Kwangu mimi, kipimo kilionyesha korodani ni nzima, ila amri kutoka juu ndiyo dhaifu.

"Umri unaishusha kama asilimia moja kwa mwaka," akaniambia, "tangu miaka ya 30 au 40. Hiyo peke yake haimwangushi mtu hivi. Tutafute mwizi mwingine." Akapima sukari, tezi ya shingo, na prolaktini, homoni ambayo ikizidi huishusha testosteroni. Akaniuliza pombe na dawa za maumivu. Akanizungushia utepe tumboni: sentimita 109. Akaeleza kwamba mafuta ya kitambi yana kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Kisha akauliza kama nakoroma. Nikasema hapana, na nilisema kwa moyo mmoja.

Nyumbani mke wangu alinitazama kama mtu aliyesikia uongo. "Wewe hukoromi? Baba, mimi nina miaka sita nalala na pamba masikioni." Tukabishana. Nikaamua kumaliza ubishi: nikaiweka simu juu ya kiti kando ya kitanda, nikawasha kirekodi sauti, nikalala. Asubuhi tukakaa mezani wawili tukasikiliza. Mwanzo ni kukoroma kwa kawaida tu, nikataka kuizima. Akanishika mkono. "Subiri." Mara kukoroma kukakatika. Kimya. Nikatazama mshale wa saa ya ukutani: sekunde kumi, ishirini, ishirini na nane. Hakuna pumzi. Kisha mlipuko, mkwaruzo, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Halafu kukoroma tena, halafu kimya tena. Nilihesabu mara tisa ndani ya robo saa. Mke wangu alikuwa analia. Alisema, "Kila usiku nakusukuma upumue."

Sauti ile nilimpelekea daktari, na sijutii, kwa sababu aliisikiliza dakika mbili tu akaandika karatasi ya kipimo cha usingizi. Ilikuwa ni kukata pumzi usingizini, hali ya kati. Basi nikaanza kulala na mashine inayosukuma hewa puani. Wiki mbili za mwanzo ni mateso, barakoa inavuja, uso una alama. Badilisha saizi ya barakoa, usikate tamaa. Yangu ya tatu ndiyo iliyokaa.

Daktari alinitahadharisha kwamba mashine yenyewe haiahidi kupandisha homoni, na nimeona hivyo. Ilichonirudishia ni asubuhi. Nikaanza kuamka nikiwa mtu, na mtu aliyelala ndiye anayeweza kufanya mazoezi. Mara tatu kwa wiki nanyanyua vyuma: kuchuchumaa na uzito, kuvuta, kusukuma. Nilianza na uzito wa aibu nikaongeza kidogo kidogo. Siku nyingine natembea. Chakula cha usiku nimekipunguza, pombe nimeiacha siku za kazi. Wanaokwambia ukimbie kilomita kumi ukiwa na kilo 98 hawayahurumii magoti yako.

Miezi kumi baadaye nilikuwa kilo 86, kiuno 97. Presha imeshuka hadi nimepunguziwa kidonge kimoja. Nikapima damu saa mbili asubuhi, tumbo tupu: 428. Bila sindano hata moja. Na zile asubuhi zimerudi, si kila siku, ila zimerudi.

Jambo moja nilikuwa sijalijua, nalo lingeniharakisha: uume kushindwa kusimama unaweza kuwa dalili ya awali ya mishipa ya moyo kuanza kuziba, maana mishipa ya kule ni myembamba, huonyesha tatizo mapema. Mimi nilikuwa nalificha kama aibu.

Mke wangu pamba ameshazitupa. Kipimo kijacho ni baada ya miezi sita, na safari hii amesema tutakwenda pamoja.