Uzi wa Pili

"Baba, kompyuta ikizimwa, yale masasisho ya prosesa yanaenda wapi?" Binti yangu alikuwa ameona mstari ukipita kwenye skrini wakati mashine inawaka. Nikamwambia yanapotea, ndiyo maana hupakiwa upya kila inapowashwa. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki na mambo ya 2018.

Mwaka ule kila mtu alikuwa mbioni kuziba Spectre na Meltdown, mianya ya usalama iliyogunduliwa ndani ya prosesa. Mashine zetu hazikuruhusiwa kuzimwa ovyo, kwa hiyo mikrokodi, yaani hayo masasisho ya maelekezo ya ndani ya prosesa, tulizipakia mashine zikiwa kazini, na draiva ya kazi hiyo ilikuwa imejaa viraka. Mwenzetu mmoja, kijana makini sana, akapendekeza kuiandika upya yote. Nikapewa niipitie.

Sehemu kubwa ilikuwa safi. Alikagua kichwa cha faili ya Intel, baiti 48, akajumlisha data yote kwa mafungu ya biti 32 kuhakikisha jibu ni sifuri, ndipo akaandika anwani yake kwenye rejista 0x79, sehemu ya prosesa inayoanzisha upakiaji. Kisha sifuri kwenye 0x8B, akaita CPUID, amri inayoifanya prosesa ijitambulishe, akasoma namba ya toleo. Hiyo CPUID ya katikati ni rahisi kuiruka, yeye hakuiruka. Nilipita hapo haraka, kwa raha.

Nikakwama kwenye kitanzi kifupi, yaani amri chache zinazojirudia. Kwenye mashine zile kila kore ya prosesa ilikuwa na nyuzi mbili, yaani njia mbili za kutekeleza amri, zinazotumia mikrokodi moja, hivyo uzi wa kwanza unapopakia, wa pili lazima utulie. Kwenye kodi yake ulitulia kweli: unasoma alama kwenye kumbukumbu, unatekeleza PAUSE, amri ya kusubiri kidogo, unarudia. Vikatizo vya kawaida, zile ishara zinazoikatiza prosesa kazini, vilikuwa vimezuiwa. Lakini ipo NMI, kikatizo kisichozuilika kwa njia hiyo, na hiyo haipigi hodi. Ikiukuta uzi pale, itauchomoa kwenye kitanzi na kuupeleka kwenye amri nyingine kabisa, huku mwenzake yuko katikati ya kubadilishiwa mikrokodi. Nikaifuata njia hiyo kwa kidole kwenye skrini, kutoka kitanzini hadi kwenye kodi ya kupima utendaji inayosoma rejista moja baada ya nyingine. Mwili ukanisisimka.

Nikamwita. Akavuta kiti, akasoma, akanyamaza.

"Lakini kaka, hata ile ya zamani ina tundu hilihili."

"Inalo."

"Na haijawahi kutuangusha."

"Haijawahi kwa tunavyojua, mdogo wangu."

Sikuidhinisha. Akarudi kuandika ulinzi, kazi ikachelewa, na muda wote huo mashine ziliendelea na draiva ya zamani, yenye tundu lile na mengine ambayo yeye alishayaziba.

Thomas Gleixner alipoiandika upya sehemu hiyo ya Linux mwaka 2023, NMI ilishughulikiwa humo, nikafarijika kwamba hofu ile haikuwa yangu peke yangu. Ila kama nilimtendea haki kijana yule, bado najiuliza. Tundu waliliacha waliotutangulia, akachelewa yeye. Labda ningezipitisha kwanza sehemu zilizokamilika. Kitanzi kile, hapana, hata leo nisingekipitisha.