Makopo Mawili Juu ya Jiko

Februari Tanga kuna joto la kumnyima mtu usingizi, na mvua hakuna anayeiwaza. Mwezi huo ndio fundi mkuu wetu alioutaka kwa kazi ya kuandaa magari kwa masika. Miaka ya mwanzo ya 2010 nilikuwa kijana wa gereji, nashika spana kwenye Coaster za mama mmoja zilizokuwa zikienda Lushoto. Hadi Mombo njia haina matata. Baada ya Mombo unapanda Usambara kilomita 33 hivi, barabara nyembamba, kona juu ya kona, upande huu jabali, upande ule korongo, mpaka Lushoto iliyo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kupanda kunaumiza injini. Kushuka kunaumiza breki, tena gari limejaa abiria na juu limebeba kabichi, karoti na peasi.

Fundi alitaka kila gari lisimame kabla mvua haijaanza: dramu zote nne za breki zifunguliwe, fluidi ya breki, yale maji yanayopeleka nguvu ya mguu hadi kwenye magurudumu, ibadilishwe, wipa, taa, mkanda wa feni na matairi vitazamwe. Kwenye wipa na matairi hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa kwenye fluidi. Chupa ilikuwa imejaa, breki zinashika, na kioo cha mbele kina stika ya ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama. Ule ukaguzi mimi nauheshimu, umetoa barabarani magari mengi mabovu. Ila fluidi iliyochoka huijui kwa kukanyaga breki gari likiwa limesimama kwenye kivuli.

"Gari zima unalifungua la nini, Fundi?" dereva mmoja alilalamika.

Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Dereva anapeleka hesabu kwa tajiri, kinachobaki ndicho chake na konda wake. Gari likilala gereji, nyumbani kwake jiko haliwaki. Matengenezo mengi ya kinga yanakufa hapo: anayetakiwa kuliacha gari ndiye anayekosa riziki ya siku.

Maneno yakamfikia mwenye magari, akaja mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Nasikia unataka kunifungia biashara."

Fundi hakujibu. Aliazima jiko la mkaa kwa mama ntilie, akaliweka uwanjani mbali na magari, na ndoo ya mchanga pembeni kwa sababu fluidi hushika moto. Kwa bomba la sindano akavuta fluidi kwenye chupa ya gari lililotoka safari, akaitia kidogo kwenye kopo la maziwa. Ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea. Kopo la pili akalitia fluidi mpya, nyeupe ya kuelekea manjano. Akayaweka yote mawili jikoni, tukarudi nyuma.

Kopo la fluidi ya zamani lilianza kutoa vipovu pembeni, mara likatokota kabisa. Lile jingine lilikuwa bado limetulia.

Fluidi ya breki hunyonya unyevu wa hewani, taratibu, kupitia mfuniko na mipira, na hewa ya Tanga ni ya bahari. Fluidi mpya ya aina ya DOT 3 haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7 tu, kiwango hicho cha chini kinashuka hadi 140. Dramu za gari lililojaa, linaloshuka mlima mrefu, hupata moto mkali, na moto huo hufika kwenye silinda za magurudumu.

"Mama, hayo mapovu ndiyo yanayoingia kwenye bomba gari likiwa kwenye kona za Soni," Fundi alisema. "Dereva anakanyaga mvuke. Pedali inakwenda hadi chini, gari haliambiwi."

Mama akauliza kwa nini basi iwe kabla ya masika. Akajibiwa na yule yule dereva aliyelalamika. Kiangazi, alisema, unaiona kona ya mbele, unapunguza gia mapema. Masika ukungu unafunga, mawe yameporomoka njiani, lami inateleza. Unashuka mguu ukiwa juu ya breki tangu Lushoto.

Mama aliyatazama makopo kwa muda, kisha akawageukia madereva. Gari likiwa gereji kwa kazi hii hakuna hesabu, na dereva na konda watapewa posho. Ubishi ukaisha.

Gari la kwanza tulilifungua jioni ile ile. Gurudumu la nyuma kushoto, pistoni moja ya silinda ilikuwa imeganda kwa kutu. Lining ya upande huo, ile inayosugua dramu, ilikuwa nene, haijafanya kazi muda mrefu. Ya pili imelika hadi ribiti zinazoishikilia zinakaribia kugusa dramu. Dereva hakuwa amesikia chochote, magurudumu mengine yalikuwa yakilibeba.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kubandika selotepu kwenye chupa ya fluidi na kuandika mwezi na mwaka. Fundi aliisoma, akaniambia niibandue niandike kubwa zaidi, maana huenda atakayeisoma ni fundi wa Mombo, usiku, kwa tochi.