Hesabu mikoko kwa fito, pau, mazio na boriti

Ukiambiwa msitu fulani wa mikoko una miti 6,000 kwa hekta, bado hujaambiwa kitu. Huenda karibu yote ni fito, yaani miti myembamba kabisa. Anayepanga nani akate wapi anataka kujua miti minene ya kujengea, mazio ni ngapi, boriti ni ngapi, na chini yake kuna miche ya kutosha au la. Ripoti nyingi huishia kwenye ile jumla.

Mfano mzuri ni Lamu. Mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko wa 2017–2027 unahesabu hekta 61,271 Kenya nzima, na 37,350 kati ya hizo ziko Kaunti ya Lamu. Eneo la ukubwa huo hupimwa kwa vipande. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 hupatikana bure, kila kijiraba chake kikiwa mita 10 kwa 10 ardhini, nazo zatosha kuchora mpaka wa msitu na mapengo makubwa. Visiki hazionyeshi. Mkataji huchagua mti mmoja mmoja ulionyooka, na ukitazama kutoka juu, msitu ni kijani kile kile.

Basi ni kuingia matopeni. Piga mistari kutoka ukingo wa mkondo mpaka nchi kavu, ikate kanda zote za aina za mikoko: mlilana mbele baharini, kisha mkoko wenyewe, muia na mkandaa, na mchu unaotokea huku na huku. Weka ploti, yaani kipande cha mraba cha kupimia, kila mita 50. Ukanda ukiwa mwembamba, kila mita 20. Kosa linalorudiwa sana ni kupanga ploti zote karibu na pale mashua inapofunga. Hapo ndipo wakataji nao hushukia, kwa hiyo utapima uchovu wa ukingo na kuuita hali ya msitu mzima. Siku za bamvu maji hupwa mbali na kukuachia nafasi ya kufika ndani, lakini yakigeuka hayasubiri mtu amalize kuandika. Ingia yakiwa bado yanapwa.

Ploti ni mita 10 kwa 10, yaani sehemu moja ya mia ya hekta. Kila mti utakaouandika utageuka miti 100 kwenye hesabu ya hekta, kwa hiyo uzembe mdogo huzaa uongo mkubwa. Katikati ya mizizi ya mkoko kamba hupinda; ukiivuta huku imezunguka mashina, mraba wako utapungua bila wewe kujua. Pima kutoka pembe hadi pembe ya pili ya kukabili. Isipofika mita 14.14, rudia.

Unene hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Ukiwa na futi ya fundi cherehani, pima mzingo, gawa kwa 3.14. Mkoko una sheria yake, kwa sababu kwenye mita 1.3 mara nyingi utakuta mizizi tu: panda mpaka mzizi wa juu kabisa, ongeza sentimita 30, pima hapo. Mchu uliogawanyika chini ya mita 1.3, kila shina ni mti wake.

Kisha gawa kwa majina ya soko. Fito ni sentimita 2 hadi 3.5, pau 4 hadi 7.5, mazio 8 hadi 11, boriti 11.5 hadi 13.5, nguzo 14 hadi 20. Kando ya kila mti andika unyoofu wake: 1 umenyooka, 2 unahitaji kurekebishwa kidogo, 3 haujengi.

Tuseme ploti imetoa fito 40, pau 15, mazio 2, boriti hakuna, nguzo 3 zote za daraja la 3 la unyoofu. Ndiyo ile miti 6,000 kwa hekta! Mazio ni 200 tu, yaani korja 10 za miti 20 kila moja, na zile nguzo zimesalia kwa sababu zimepinda. Hapo mimi ningefunga mazio na boriti, ningeacha pau zikue, na fito ningeruhusu kupunguza palipobanana.

Kabla ya kutoka kwenye ploti, hesabu visiki: aina, unene, kibichi au kikuukuu. Halafu miche, kwa madaraja matatu ya urefu: chini ya sentimita 40, 40 hadi 150, 150 hadi 300. Uwiano unaotumika kama kipimo cha uoto wa kutosha ni 6:3:1. Miche midogo ikiwa tele na ya kati haipo, kuna kitu kinaiua njiani: kivuli, ng'ombe, au mchanga. Mkoko uliokatwa hauchipui kisikini kama mchu, kwa hiyo pasipo na miche hiyo, pengo hubaki pengo.

Mchanga nao utazamwe kwenye vipumulio vya mchu, ile mizizi inayochomoza juu ya tope kupumua. Vikiwa vimefukiwa, miti iliyo hai leo isiingizwe kwenye mavuno ya kesho. Mwache, Mombasa, mikoko mingi ilikufa hivyo baada ya mafuriko ya El Niño ya 1997–98.

Ploti chache ziwe za kudumu, zipimwe tena miaka ijayo. Tumia misumari na vibao vya alumini, maana chuma huliwa na chumvi, na paka mstari wa rangi pale pale ulipozungusha futi. Ukuaji wa mwaka ni wa milimita. Atakayekuja kupima kiganja kimoja chini ya mstari ataandika kwamba mti umenenepa.