Kumfuata Malinche hadi Mexico City

Basi la kutoka San Antonio kwenda Mexico City hujaa akina bibi. Wanapanda na mablanketi, masanduku yaliyofungwa kamba na mifuko ya zawadi za wajukuu, na kabla dereva hajatoka nje ya mji wameshapiga ishara ya msalaba. Aliyekaa kando yangu aliniuliza kama mimi ni Mcuba au Mhaiti. Nikamwambia Mtanzania. Akafikiri kidogo, akaona jibu hilo linahitaji chakula, akanipa tamale iliyofungwa kwenye maganda ya hindi pamoja na kipicha cha Bikira Maria wa Guadalupe cha kuweka ndani ya pochi.

Huyo Bikira alikuwa sehemu ya safari yenyewe. Nilikuwa nasoma shahada ya pili Texas, na muhula ule nilichukua somo la ufeministi wa wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mwalimu wetu hakuanza na nadharia. Alianza na Gloria Anzaldúa, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1942 kwenye bonde la mto mpakani mwa Marekani na Meksiko, ambaye aliwahi kusema kwamba Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wana mama watatu: Guadalupe, bikira asiyewatupa wanawe, Malinche, mkalimani wa Wahispania walioiteka nchi, aliyebakwa kisha wanawe wenyewe wakamtupa, na Llorona, anayezunguka akiwatafuta watoto waliopotea. Kazi yetu ilikuwa kuchagua mmoja na kumchunguza. Wenzangu wengi walikwenda maktaba. Mimi nikakata tiketi.

Mwenye viza hai ya Marekani haombi nyingine kuingia Meksiko, na hilo lilinirahisishia mambo pale daraja la Laredo. Mto ambao upande mmoja unaitwa Rio Grande na upande wa pili Río Bravo niliutazama dirishani: maji ya rangi ya udongo, si mengi. Baada ya hapo ni jangwa, Monterrey, vituo vya mafuta usiku wa manane, San Luis Potosí, baridi. Sina la kusimulia zaidi, nililala.

Kutoka kituo cha mabasi cha kaskazini hadi kwa Guadalupe ni mwendo mfupi wa metro. Mabehewa ya mbele yametengwa kwa wanawake na watoto, na polisi husimama kwenye jukwaa kuwazuia wanaume. Humo ndimo nilimokuwa nikipanda kila mara. Ni raha, ila ni raha inayokuambia mabehewa ya nyuma yakoje.

Kanisa jipya la Guadalupe, lililomalizwa mwaka 1976, ni la duara na kubwa mno. La zamani liko kando yake, na limeinama kwa sababu jiji zima limejengwa juu ya tope la ziwa. Watu wanafika kwa magoti, wengine wamebeba watoto wachanga. Picha yenyewe imetundikwa juu nyuma ya altare, na chini yake kuna mikanda inayojiendesha kama ya uwanja wa ndege, ili mtu asisimame akaziba njia. Unapanda, unainua macho, unampita, unashuka. Nilizunguka nikapanda tena, na tena.

Mapokeo yanasema mwaka 1531, miaka kumi tu baada ya Wahispania kuuteka mji wa Waazteki, Maria alimtokea Mwenyeji, yaani mtu wa asili wa nchi ile, aitwaye Juan Diego kwenye kilima cha Tepeyac, na sura yake ikabaki kwenye joho la nyuzi za mmea wa jamii ya mkonge. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa mkonge sikubali kupitwa. Mkonge wetu wenyewe una asili ya Yucatán. Mjerumani Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893 kupitia Florida, na miche iliyosalimika njiani ilikuwa 62. Basi nilisimama pale nikamweleza mlinzi habari za mashamba ya Korogwe, naye akanisikiliza kwa subira ya mtu aliyezoea kuona wageni wakipagawa.

Juu ya kilima hicho, kabla ya Maria, watu walikuja kumwabudu Tonantzin, mama wa miungu. Mapadri wa mwanzo walilijua hilo na liliwakera. Kwa hiyo mtu anaweza kusema Guadalupe ni mtego wa wakoloni: mpe mtu aliyeshindwa mama mpole, anayetazama chini, ameunganisha mikono. Lakini mwaka 1810 padri Hidalgo alipoanzisha vita vya uhuru, bendera aliyoibeba ilikuwa na picha ya Guadalupe. Na mwaka 1978, huko California, msanii Yolanda López alijichora mwenyewe akiwa Guadalupe: amevaa viatu vya michezo, anakimbia kutoka ndani ya ile miale ya jua, nyoka mkononi, joho la nyota limemwangukia begani. Picha hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue somo. Wanawake kama López hawakumtupa Bikira wa bibi zao. Walimwondolea tu amri ya kusimama kimya.

Lakini niliyemfungia safari hasa ni Malinche.

Nenda San Ildefonso, chuo cha zamani cha Wajesuiti katikati ya jiji, upande ngazi, umtafute ukutani. José Clemente Orozco alimchora mwaka 1926 akiwa uchi kando ya Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania waliouteka mji wa Waazteki, naye uchi. Cortés ni mweupe kupita kiasi, amemshika mkono mmoja, na mkono wake mwingine umepita mbele ya mwanamke kama anayemzuia. Chini ya mguu wa Cortés kuna mwili wa Mwenyeji, umelala kifudifudi. Malinche ametazama chini. Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu, wanafunzi wa sekondari wakinipita wakicheka. Kila mtoto wa Meksiko anamjua huyu kama mwanamke aliyeuza nchi, na jina lake ni tusi kwa yeyote anayependa vya wageni kuliko vya kwao.

Yanayojulikana kumhusu ni machache. Alizaliwa akisema Kinahuatl, akauzwa au kutolewa utumwani kwa Wamaya, akajifunza lugha yao. Mwaka 1519 watu wa Tabasco waliposhindwa na Cortés, walimpa zawadi ya wanawake 20, naye akiwa mmojawapo. Mwanzoni alitafsiri Kinahuatl kwenda Kimaya, na Mhispania aliyewahi kuwa mateka wa Wamaya akatafsiri Kimaya kwenda Kihispania. Muda si muda akakijua Kihispania na yule wa katikati hakuhitajika tena. Alimzalia Cortés mtoto, Martín, kisha Cortés akamwoza kwa askari wake. Inaaminika alifariki karibu mwaka 1529, bado kijana.

Sasa, nchi gani aliyoiuza? Meksiko haikuwepo. Waazteki walikuwa watawala waliotoza kodi na kuteka watu, na maelfu ya wapiganaji waliomsaidia Cortés walikuwa Watlaxcala, maadui zao. Hao hawatukanwi kiasi hicho. Kwenye picha walizochora Watlaxcala wenyewe katika karne ile ya 16, Malinche yuko katikati, ananyoosha kidole, wakubwa wanamsikiliza. Mlima mrefu wa kwao unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Hata Cortés mwenyewe walimwita Malinche, kwa kuwa hakuonekana bila yule bibi. Lawama ilikuja kushika kasi baada ya uhuru wa 1821, taifa jipya lilipohitaji mkosaji, na mwanamke mtumwa akatosha. Hoja hii waliisimamia kwa nguvu waandishi wa kike wa Kichikana miaka ya 1970, wanawake ambao nao waliitwa wasaliti kila walipowaambia wanaume wa harakati zao kwamba wamechoka kupika kwenye mikutano.

Nilimkubali Malinche kuliko wote, ingawa nakiri kwetu pia maakida na wakalimani wa Wajerumani hatujawapa jina zuri. Wao walikuwa na mshahara. Yeye hakuulizwa hata kama anataka kuja.

Coyoacán, kusini mwa jiji, kuna nyumba ya rangi nyekundu ambayo watu husema alikaa. Haina kibao cha maana, kuna watu wanaishi humo. Mwaka 1982 iliwekwa sanamu ya Cortés, Malinche na mtoto wao katikati ya mtaa huo. Wananchi wakapandwa na hasira, ikahamishiwa bustani nyingine. Umbali mfupi kutoka nyumba ile nyekundu kuna Nyumba ya Buluu ya mchoraji Frida Kahlo, na foleni yake inazunguka kona. Niliingia. Korseti zake za plasta, alizovaa baada ya ile ajali ya basi ya 1925, zinauma kuzitazama. Lakini dukani Frida yuko kwenye soksi, vikombe na vibanio vya nywele, nyusi zimepunguzwa, na chama cha kikomunisti hakitajwi kwenye kikombe hata kimoja. Yeye nilimpa asubuhi moja, ikatosha.

Sor Juana nilimkuta pochini. Yumo kwenye noti ya peso 100, mtawa mwenye macho ya kujiamini, nami siku nzima nilikuwa nikitumia noti yake kununua taco, vile vichapati vya mahindi, kabla ya kwenda kuona konventi ya San Jerónimo alikoingia mwaka 1669. Leo ni chuo kikuu, wanafunzi wanavuta sigara uani. Alitaka kusoma, ndoa hakuitaka, na konventi ndiyo iliyokuwa na nafasi ya vitabu. Askofu wa Puebla alipomkemea kwa barua, akijificha nyuma ya jina la mtawa wa kike, Juana alimjibu mwaka 1691 kwa barua ndefu inayotetea haki ya mwanamke kusoma. Ndani yake anasema ameona mambo mengi ya maumbile kwa kukaanga mayai tu, na kwamba Aristotle angepika, angeandika zaidi. Baadaye aliachana na maktaba yake, na mwaka 1695 tauni ikamuua akiwahudumia watawa wenzake.

Llorona sikumtarajia popote, maana ni wa hadithi za kutishia watoto: mama aliyewazamisha wanawe mtoni na sasa analia usiku. Nilimkuta mchana kweupe, kwenye barabara kuu ya Paseo de la Reforma. Sanamu ya Columbus iliondolewa pale mwaka 2020, na Septemba 2021 wanawake wakapanda wenyewe juu ya msingi mtupu, wakasimamisha umbo la msichana wa zambarau, ngumi juu. Vizuizi vya chuma kuzunguka mahali pale vimeandikwa majina ya wanawake waliouawa, na ya akina mama wanaowatafuta watoto wao. Meksiko ina zaidi ya watu 100,000 waliopotea kwa hesabu ya serikali yenyewe, na wanaochimba makaburi ya siri kwa sepeto ni mama zao. Mwanamke mmoja alikuwa akipaka upya rangi jina lililofifia. Nikamuuliza kama naweza kumshikia kopo. Akaniambia, "Shika, lakini usimwage, dada, tumechanga."

Tukaongea. Naye akauliza kama mimi ni Mcuba. Nilipomweleza ninasoma nini, akasema orodha yetu darasani ina shimo: kwenye kuta, noti na altare zote nilizomtajia, mwanamke mweusi yuko wapi? Bibi zake walikuwa watu wa Costa Chica, pwani ya Pasifiki, wajukuu wa Waafrika walioletwa utumwani. Ni sensa ya 2020 iliyowahesabu Wameksiko weusi kikamilifu kwa mara ya kwanza, zaidi ya milioni mbili na nusu. Akanitajia mji wa Cuajinicuilapa, wenye jumba la makumbusho la historia yao.

Sikubishana. Tasnifu ya Malinche nitaimaliza kwa sababu mwalimu anaingoja, lakini jioni ile nilikwenda kituo cha mabasi cha kusini, Tasqueña. Muuza tiketi alinipa kiti cha dirishani, basi la usiku, akanisisitiza nivae sweta kwa kuwa kiyoyozi cha basi ni kikali, na nikifika huko nitaivua mara moja.