Nyuzi 44 za Mwanakwerekwe

Ramadhani ya mwaka 2024 ilituangukia Machi, kaskazi imeshachoka kuvuma na masika bado hayajashuka. Wakati huo mji huwa umefunikwa kama sahani chini ya kawa. Mimi nilikuwa na miezi miwili tu tangu ninunue pikipiki, ya mtumba, iliyoshuka kwa meli bandari ya Malindi hapa Unguja. Ilikuwa kubwa kuliko akili yangu, na kioo chake cha mbele kilionesha kila kitu: gia, mafuta, saa, mpaka joto la hewa. Hilo la joto ndilo lililonitia kiburi.

Siku hiyo nilikwama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe baada ya adhuhuri, nyuma ya gari la shamba lililobeba ndizi mpaka juu ya keria. Nikatupa jicho kwenye kioo: nyuzi 44. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la ukoo na maneno matatu tu: "Allah atujaalie subira." Kufika alasiri picha imeshazunguka. Barazani kwetu mtu mmoja alikuwa akiapa kwamba kipimo kimetoka serikalini. Shangazi yangu aliyeko Muscat akapiga simu: "Mwanangu, mpo wazima? Huku kwenyewe bado hatujafika huko!"

Aliyecheka ni ami peke yake. Ami alikuwa msomaji wa vipimo vya hali ya hewa mpaka alipostaafu, na hata leo hapiti karibu na uwanja wa ndege bila kukitafuta kwa macho kile kibanda cheupe chenye kuta kama madirisha ya luva.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kipimajoto chako kiko wapi?"

Nikamwonesha kioo.

"Sikuulizi kinasomwa wapi. Nakuuliza kinapimia wapi."

Sikujua. Akanieleza habari za kibanda chake, ambazo nimezisikia tangu utoto bila kuzisikiliza: kipimajoto kiwe mita moja na robo hadi mbili kutoka chini, juu ya majani, si juu ya lami, kibanda kipakwe nyeupe kisinywe jua, mbao ziachiane upepo upite. Kisha akakusanya kanzu yake, akapanda nyuma. "Twende Tunguu."

Ami hajawahi kupanda kitu kile, na alinikaba kiuno kama mwizi. Lakini kila nilipopata njia alikuwa akichungulia begani na kunisomea namba sikioni. 43. 41. Tulipoiacha misururu ya magari na upepo ukatupiga usoni, 38. Tukaenda hivyo dakika kumi nzima, ikashuka mpaka 35, ikagoma. Kurudi, tukasimama tena penye foleni, na namba zikaanza kupanda ngazi zilezile moja moja.

"Umeipima pikipiki, yakhe," alisema aliposhuka. "Hewa hukuigusa."

Nyumbani akaniagiza bisibisi. Tulikipata kihisio chini ya taa kubwa, kijidude kama punje ya karafuu kwenye ncha ya waya, nyuma ya plastiki nyeusi iliyokuwa ikichoma vidole. Rejeta ilikuwa shubiri mbili nyuma yake. Pikipiki ikienda, upepo hukifagilia joto hilo nyuma. Ikisimama, joto la injini, la rejeta na la lami hukikusanyikia hapo, na plastiki inazidi kulinywa jua. Hapo nikasema basi kimeharibika, nitafute kingine. Ami akanikatalia. Akamtuma mtoto ndani alete barafu, akaiponda kwa mchi, akaitia kwenye kikombe cha bati na maji kidogo.

"Barafu ikichanganyika na maji yake, hapo ni sifuri. Haina ubishi."

Tukakichomeka kijidude ndani, nikawasha swichi bila ya injini. 30. 22. 11. 4. Halafu kioo kikafanya jambo ambalo sijawahi kuliona: ikajitokeza alama ya ua la theluji, ikawa inamweka. Ndiyo hasa kazi ya kipimo kile. Wenzetu wa nchi za baridi huonywa njia isije ikawa imeganda wakateleza. Watoto wa mtaa walijazana kuiona theluji ya Mwanakwerekwe. Namba ikatulia kwenye 1, na ami akatikisa kichwa kwa heshima, kama aliyekutana na mfanyakazi mwenzake.

"Kizima hichi. Wamekiweka jikoni tu."

Nilikuwa bado nawaza nitamwambia nini shangazi, mama akatoka mlangoni na jagi mkononi. Magharibi ilikuwa imekaribia.

"Barafu yangu ya ukwaju iko wapi?"

Ami akanyoosha kidole kwenye kikombe. Juu ya maji kulikuwa kunaelea duara la grisi. Tulifuturu kwa ukwaju wa moto, na mama hakusema na ami mpaka baada ya tarawehe.